Msumari wa Mama Constance

Mama Constance alianza kuuza ndagala kavu, yaani dagaa, sokoni Kalemie meno yake yakiwa yote kinywani, na kwa kununa hakuwa na mpinzani. Kamati ya soko iliongozwa na pande mbili: wauza unga walitoa prezida, Papa Télesphore, na wauza samaki walitoa makamu, ndiye Constance. Kopo la kupimia unga halikukubalika mpaka kila upande ulitoboe alama yake ukingoni, na fungu la ndagala nalo lilitakiwa kulijaza kopo hilohilo. Msumari wa upande wa samaki aliutunza yeye.

Siku moja kikaoni Papa Télesphore akaleta utani wake.

"Watu ya samaki wakae ku dirisha, sisi wengine tupumue!"

Wauza unga wakaangua kicheko. Constance akachukua msumari wake akatoka, na wenzake wote nyuma yake. Kamati ikafa hivyo, kwa mzaha wa kijinga.

Makopo mapya yakakosa alama, na kila muuza unga akajiamulia. Matako ya makopo yakagongwa kwa nyundo mpaka yakaingia ndani. Bei ilibaki ileile, unga ndio uliopungua.

"Koko, bugali inaisha mbio siku hizi," mjukuu wake Reine alimwambia jioni moja, akilamba vidole. Mtoto kukaa na njaa kwa sababu ya hasira za nyanya yake, hilo lilimchoma kuliko utani wa dirisha.

Asubuhi akafunga msumari kwenye pembe ya kitenge, akaenda mpaka mezani kwa Télesphore.

"Papa, nimerudi. Si juu yako. Ni juu ya mutoto."

Télesphore akavua kofia. "Mama, ile neno yangu ilikuwa mubaya. Unisamehe."

Kopo jipya likaletwa. Télesphore akatoboa alama yake. Constance naye akainua nyundo.

"Ngoja kwanza, Mama," Télesphore akasema. "Kama tunarudi wote wawili, fungu ya ndagala nayo ijaze hii kopo, kama mbele. Jana mama ya watoto alinunua kwako. Juu kulijaa, ndani hewa tupu. Na kwangu pia kuko watoto."

Ilikuwa kweli. Tangu ule ugomvi, Constance alizipanga ndagala zikiegemeana, vichwa juu, katikati patupu, huku akijiambia kwamba walioanza ni wale wa unga. Watoto wa mtu mwingine hakuwahi kuwafikiria. Sasa aliona haya, haya kabisa, na safari hii kununa kulikataa kuja.

Akapapasa tako la kopo, akagonga msumari. Kisha akalibeba mpaka mezani kwake, akabomoa fungu la kwanza na kulimimina ndani. Halikufika hata nusu. Mbele ya soko zima, Mama Constance akaanza kuongeza.