Kiwele cha Ng'ombe wa Bi Zaina

Niliondoka Miyuji, Dodoma, alfajiri kwa sababu ya ndama dume mmoja wa milima ya Kondoa. Wafugaji wa huko walitaka awe fahali wa kikundi chao, awapandie ng'ombe wao wa maziwa. Kazi yangu ni kuwakagua ng'ombe kwa macho na kamba ya kupimia, kisha kuwapa alama, moja hadi tisa: mgongo, miguu, kwato, kiwele. Mama wa ndama akifuzu, ndama anabaki. Asipofuzu, ndama anakwenda buchani. Orodha ya mafahali ilikuwa inafungwa jioni hiyo saa kumi na mbili.

Saa tatu na nusu basi lilinishusha Kondoa mjini. Bodaboda akanipandisha mlimani kwa njia iliyoliwa na makorongo, nami nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Jana yake nilikuwa nimempigia simu mwenye ng'ombe, mjane aitwaye Bi Zaina, nikamsihi asimkamue mpaka nifike. Kiwele hupimwa kikiwa kimejaa.

Saa nne na nusu nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mkekani palikuwa na vitumbua na chupa ya chai. Nikamimina. Chai ya maziwa, nzito, maziwa ya asubuhi ileile. Nikaweka kikombe chini.

"Mama, umemkamua?"

"Sasa mgeni atoke Dodoma nimpe chai ya rangi? Watu watanionaje?"

Nilikasirika, siwafichi. Tulipofika zizini, kiwele kilikuwa kimenywea. Hata hivyo kilionekana kimekaa juu, kizuri, cha alama saba. Nikampigia mkuu wangu wa kazi.

"Weka saba, tufunge," alisema. "Wenzako wote wameshatuma."

Bi Zaina alikuwa amesimama karibu, kashika upindo wa khanga, akisikia kila neno.

"Si mkubwa wako kakubali? Yule ndama nimemlea kwa mkono wangu. Andika, mwanangu."

Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Nikafunga daftari, nikasema tutasubiri. Bi Zaina akaingia ndani.

Saa kumi basi la mwisho la Dodoma liliondoka bila mimi. Nilikwenda zizini na kurudi hata nikachoka, na Bi Zaina alinitazama mlangoni kama mtu anayemtazama mdai.

Saa kumi na moja na nusu kiwele kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimeshuka chote, chuchu zimepita viungo vya miguu ya nyuma, karibu ziguse matope. Nilipima mara mbili, nikitamani kamba iongope. Alama mbili.

"Sema tu," akaniambia.

"Hakufuzu, mama. Mabinti wa huyu ndama watarithi kiwele hiki. Watazikanyaga chuchu zao."

Alimpapasa ng'ombe shingoni.

"Bibi yake huyo ndama alikuwa hivihivi," alisema. "Chuchu mbili zilikufa. Nilijua, mwanangu. Nilitaraji wewe usijue."

Nikatuma alama zikiwa zimebaki dakika kumi.

Nililala kwake, na asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa muda mrefu. Ndama alikuwa ameshachukuliwa na mtu wa bucha.

Ndani ya basi nililia. Nimejifunza kwamba kukadiria ni kwepesi kwa sababu anayeumia bado hajazaliwa. Tulipoingia Dodoma sikwenda nyumbani. Nilipanda gari la kwenda Zuzu, nje kidogo ya mji, ambako kuna fahali niliyempitisha kwa kukadiria tu kiwele cha mama yake. Tayari ana mabinti.