Kasuku Aliyejinyonyoa

Binti yangu alipokwenda kusoma bweni Bunda, aliniachia kasuku wake na sharti moja tu: akirudi likizo amkute mzima. Nikamwahidi. Nilidhani ni kazi ya kumpa alizeti na maji, kama kuku, basi.

Nimeishia darasa la saba, sijui kama nitaeleza vizuri, ila najaribu kukumbuka kwa haki. Zamani huyo ndege alikuwaga begani kwa binti yangu tangu akitoka shule mpaka kulala. Kwangu alibaki peke yake ndani ya tundu, hapa Kigera, maana mimi alfajiri naenda mwaloni, kule ziwani wanakoshusha samaki, kuanika dagaa, narudi jioni hata kula sitaki. Wiki ya tatu nikaanza kukuta manyoya chini. Kwanza moja moja, baadaye ya kufagia. Kifua kikabaki ngozi tupu, nyekundu.

Sisi kwetu tumekulia kwenye ng'ombe. Mnyama akijikuna ana kupe, na mwenye kupe anaogeshwa. Hatujuagi jibu lingine. Nikampigia kaka yangu wa Bugwema, akaja na dawa ya josho ndani ya chupa ya soda. Kwa haki, alinionya kwamba hajawahi kuogesha ndege. Kwa haki zaidi, mimi ndiye niliyesema tujaribu, tena ndiye niliyeshika mabawa. Kaka aliizimua kwa maji mengi, akasema hiyo haimdhuru hata ndama wa jana.

Kasuku alitetemeka mchana kutwa. Akatapika, akalala kwenye sakafu ya tundu, macho nusu. Nilimsuuza na maji ya uvuguvugu mara nyingi, nikiomba Mungu asife, na sina hakika kama nilikuwa namwombea yeye au najiombea mimi, nitakayemtazama binti yangu usoni. Siku ya pili akajikokota mpaka kwenye kikombe, akanywa.

Siku chache baadaye daktari wa mifugo alipita mtaani akielekea Butiama kuchanja ng'ombe. Nikamsimamisha. Alimtazama kwa muda, akasema yeye ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, asije akanidanganya. Kisha akauliza mbona kichwani manyoya yote yapo. Nilikuwa sijaona.

"Kichwa chake mwenyewe hakifikii," akasema. "Anajinyonyoa, mama. Mchana anakaa na nani?"

Nikasema hakai na mtu. Hakunilaumu. Labda angenilaumu ingekuwa nafuu. Aliniambia nimpe matunda, vijiti vya kutafuna, nimnyunyizie maji, na awe karibu na watu.

Kesho yake nikaenda naye mwaloni, tundu kichwani, beseni mkononi. Wanawake wenzangu wa dagaa walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Dada, huyo si wa kupika tu? Umeshamaliza kumnyonyoa." Nikamjibu bado chumvi. Nikamweka kivulini chini ya turubai, wakamzoea, wakawa wanamletea papai. Siku nyingine alishinda bila kung'oa hata moja. Siku nyingine aling'oa huku tumemzunguka wote tukimwita. Tofauti ya siku hizo sikuielewa, na mpaka leo siielewi. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kubeba lile tundu, na kuna asubuhi nilitamani nimkute amekufa. Nimeandika hilo kwenye daftari hili ninamoandika habari hizi, sikulifuta.

Mwezi wa sita binti yangu akarudi. Nilikuwa nimepanga kusema ni ugonjwa. Lakini alipomwona alinitazama kabla hajasema neno, nikajikuta nimeeleza yote, mpaka dawa ya josho.

"Mama, mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ungelia, na ulikuwa na mtihani."

"Ningelia, ndiyo. Lakini ningejua."

Akamtoa, akamweka begani. Likizo nzima alizunguka naye, na kifuani vikaanza kuota vinyoya laini vya kijivu. Nilifurahi. Nilimwonea wivu kidogo pia.

Siku ya kurudi shule nikaanza kusema safari hii nitamtunza. Akanikatiza kwa upole: "Usiniahidi, mama. Uwe unaniambia tu."

Jumanne nikakuta vinyoya vipya vitatu chini ya tundu. Shuleni hawaruhusiwi simu, nikasubiri mpaka Jumapili, nikapiga kwa matroni. Binti yangu alipopewa simu nikamwambia vitatu. Akauliza vidogo au vikubwa. Nikasema vidogo. Nilisikia anavuta pumzi, na nilitaka niishie hapo. Kisha nikamwambia hivyo ni vya Jumanne tu, na kwamba tangu Alhamisi nimeacha kuhesabu.