Sahani za Bibi, Stesheni ya Korogwe

Juzi nilishuka stendi ya Korogwe, nikanunua wali kwenye kiboksi cha kutupa. Nilipomaliza nikajikuta bado nimekishika, namtafuta muuzaji nimrudishie. Akanicheka. "Tupa tu, mama. Nani anarudishiwa siku hizi?"

Ndugu yangu, shule yangu ndogo, na mengine huenda nayachanganya. Ila hili nalikumbuka: bibi yangu alikuwa akirudishiwa.

Enzi hizo watu wa Handeni walishuka na malori hadi Korogwe kupanda garimoshi, nalo likifika lilitulia. Sisi wajukuu tulikuwa tumeshakuna nazi tangu alfajiri, nguo zinanuka moshi na dagaa. Bibi alipitisha dirishani sahani za bati zenye maua mekundu. Abiria alikula taratibu, akairudisha, pengine ameshaisuuza. Sahani hizo ndizo zilizotulisha.

Kisha biashara ikaachiwa huru, mabasi ya watu binafsi yakajaa barabarani, garimoshi la abiria likakoma. Bibi akahamia stendi na sahani zake. Wenzake walifunga wali kwenye mifuko ya nailoni. Yeye alisema ukimpa mtu chakula kwenye mfuko ni kama umemfukuza. Mabasi yakawa yanaondoka na sahani. Wauzaji wakapata mchezo, kila basi likiingia wanamwita: "Bibi, harusi yako imefika, lete vyombo!" Nao walikuwa na watoto wa kulisha, nisiwaseme sana.

Siku moja akaamua haachii. Akashika ukingo wa sahani pale dirishani, abiria anakula mbiombio. Konda akapiga bodi ya basi, dereva aondoe.

"Bibi, achia, hili si garimoshi. Sahani yako kaifuate Chalinze."

Basi likamburuta, akaanguka kifudifudi. Stendi nzima ilicheka. Labda wapo ambao hawakucheka, mimi sikuwaona. Yule abiria, nimpe haki yake, aliirusha sahani nje. Tuliiokota karibu na daraja la mto Pangani, imekunjika, ua limebanduka.

Ikabaki hiyo moja. Mkono wa Bibi ulioumia siku ile haukupona sawasawa, lakini alirudi nayo stesheni, amepakua, amefunika na kawa, akakaa kwenye benchi. Likapita garimoshi la mizigo, limejaa simenti, halikusimama. Mlinzi wa stesheni, mteja wake wa zamani, akamwamkia shikamoo vizuri tu, kisha akasema:

"Bibi, simenti haili wali."

Bibi akamsogezea yeye ile sahani. Akala wote, hakuuliza bei. Alipomaliza akamrudishia mkononi, na Bibi akamshukuru kama aliyepewa kitu.

Sahani ile sijui iliishia wapi. Stesheni nimeikuta nyasi zimefika kwenye benchi. Kiboksi changu nilikwenda kukitupa kama nilivyoambiwa, nikakuta pipa limejaa, nikakiweka juu ya vingine.