Neno Kaa na Pumzi ya Kakangu

Enzi zetu sisi wa mtaa wa Kuze, hapa Mvita, moto uliazimwa. Viberiti vilikuwako, msinifanye mtu wa zama za Firauni, lakini mama zetu walikuwa wabahili wa njiti, na kwa jirani hapakosi jiko linalowaka. Asubuhi ukitiwa kigae mkononi, ushajua: nenda kaombe kaa la moto. Warudi mbio, ukilipuliza lisizime, na vichochoro vyenyewe ndivyo vile, watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Mtaa mzima wanuka moshi na iliki. Leo mjukuu wangu abinya kidude, tik, moto huo, halafu aniambia amechoka kupika.

Nawaeleza haya kwa sababu ya kakangu Salimu, aliyetangulia mbele ya haki mwezi uliopita, na kwa sababu ya neno moja, kaa. Neno hilo lilinifedhehesha nikiwa na miaka sita, na uzeeni likanirudia.

Wamvita wenzangu mwajua. Kaa wa baharini, huyu wa magando, hutamkwa kwa pumzi. Ukiweka kiganja mbele ya mdomo utausikia upepo. Kaa la moto halina upepo. Na kaa ya kumwambia mtu usiondoke, nayo haina. Kwenye karatasi zote zafanana, maana kalamu haina mapafu, lakini sikio la Mvita halikosei. Miaka yote nimejisifu kwa sikio hilo. Wajukuu wangu, ambao mmoja ang'oa watu meno huko Kizingo na gari analo, hawatofautishi. Kwao ni kaa, kaa, kaa, kama kunguru juu ya bati. Nami huwarudi mezani mpaka wanahama na sahani zao.

Sasa sikilizeni huyu mwalimu wa matamshi alianzia wapi.

Siku hiyo mamangu unga wa mahamri umeshaumuka na jiko limezima. Akaniambia, "Zuhura, kimbia kwa Bi Rukia kaombe kaa." Alitamka sawasawa, Mungu amrehemu. Lakini mimi nilikuwa mwana wa kula. Alfajiri ile nilimwona mume wa Bi Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili, akipita na kapu la kaa, na tangu hapo sikuwa na akili nyingine.

"Shikamoo Bi Rukia. Mama ataka kaa." Nilimtoa kwa pumzi hasa, hata ushungi wake ulitikisika.

"Marahaba mwanangu. Yuwataka kaa saa hizi? Wa nini?"

"Wa kula."

Bi Rukia akacheka, akatia mkono kapuni, akaniwekea kigaeni kaa mzima, magando yamefungwa kwa ukili wa kushonea mikeka. "Mwambie mamako asimfungue mpaka maji yachemke," akasema. Ujumbe huo niliuacha pale pale kizingitini pake. Nikafika nyumbani nikimpuliza yule kaa kama kawaida ya kubeba moto, sijui nilidhani atazima.

Mamangu hakutazama. Alipokea kigae, akamimina jikoni juu ya makaa meusi, akainama kupuliza. Ukili ulikuwa umelegea. Kaa akatoka na majivu yake, akaing'ang'ania ncha ya leso ya mamangu, na mwanamke yule ambaye sauti yake haikupata kuvuka mlango, siku hiyo ilifika msikitini.

Salimu alikuwa na miaka kumi na mmoja, ameketi uani akiunda tiara ya kurusha angani kwa karatasi na njiti za makuti. Alicheka mpaka akaikalia tiara yake. Kisha akaja, akamshika kaa mgongoni kama mtu aokotaye kofia. Mama alikuwa ameshanyanyua mwiko: "Wewe Zuhura, sikio lako lasikia kwa tumbo!" Salimu akaingia kati. "Mama, ni mimi. Nilimwambia njiani kuwa wataka kaa wa kula." Uongo mtupu, hakunisindikiza hata hatua moja. Akala miko miwili ya matako, na bado acheka. Adhuhuri kaa akapikwa, gando kubwa akapewa Salimu, na Salimu akanipa mimi. Nami, bila chembe ya haya, nikalivunja gando la kesi yangu mwenyewe nikalinyonya mpaka likapiga mluzi.

Alasiri akanikalisha ngazini na kipande cha ile karatasi ya tiara iliyopasuka. Akakishika mbele ya mdomo wangu. "Sema kaa wa bahari." Karatasi ikaruka. "Sema kaa la moto." Ikaruka tena. "La, usiipulize! Kaa la moto halikuli, wala wewe hulili." Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi, mpaka karatasi ikatulia. Kwa hiyo sikio ninalojisifia, na ulimi huu unaowasumbua wajukuu, si wangu. Ni wa Salimu. Sikumwambia mtu hilo hata siku moja.

Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Kaa, kwa pumzi. Siku ya harusi yangu nimepambwa, asumini kichwani, naringa kama kwamba mimi ndimi niliyejiumba, akainama sikioni: "Kaa, ukichoka huko, mlango waujua." Wengine walidhani aniombea dua. Naam, alikuwa akiomba.

Alikuwa mume wa watu na baba wa watu. Wanawe watano aliwapeleka chuoni kusoma Kurani, na shuleni, kwa mkono wake, mmoja mbele ya baiskeli, mmoja nyuma, watatu wakifuata kama vifaranga. Ijumaa akitoka kuswali alipita sokoni, akamnunulia mkewe Mwanaisha chungwa, akalimenya mwenyewe. Wanaume wa barazani wakamcheka: "Salimu, wewe umekaliwa!" Naye akawajibu bila kusimama, "Bora nikaliwe na mke wangu kuliko nyinyi mnaokalia baraza la watu mchana kutwa." Mimi mwenyewe nilimcheka pamoja nao, tena kwa sauti. Mume wangu hakuwahi kunimenyea hata ndizi. Wivu, basi, leo nauita kwa jina lake.

Alipolazwa kitandani nikahama Tononoka kwa mwanangu, nikarudi Kuze kumuuguza. Kumuuguza nasema mimi. Wifi yangu Mwanaisha ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemsomea Yasini. Mimi kazi yangu ilikuwa kukosoa. Asubuhi ile ya mwisho uji umeletwa, nikauonja, nikasema, "Huu uji au maji ya kuoshea mchele?" Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, namfuta mdomo kwa kitambaa, huku nimemgeukia wifi namfundisha uji wa wagonjwa unavyopikwa.

Salimu akasema, "Kaa."

Nikamjibu bila kumtazama, "Kaa mwenyewe! Ngoja nikupikie uji wa watu." Nikainuka nikenda jikoni, narindima kama ngoma. Uji haujachemka, nikasikia kimya cha kule chumbani.

Ndiyo hiyo habari yenyewe. Je, aliniita jina langu, kunitania, au aliniambia nisiondoke? Yote yalikuwa ndani ya pumzi, na pumzi ndiyo iliyomwishia. Kiganja changu kilikuwa pale pale mbele ya mdomo wake, mahali ilipokuwa ile karatasi ya tiara. Ningesikia, lau mdomo wangu ungetulia kidogo. Sikio la Mvita halikosei, ati.

Wiki tatu sikuweza kulisema. Baada ya hitima nikamfuata Mwanaisha uani, nikamweleza tangu gando mpaka uji. Nikamuuliza, "Wifi, wewe ulikuwapo. Alisemaje?"

Akanitazama, mwanamke niliyemtukania uji. "Sikuzisikia hizo pumzi zenu, wifi. Nilimwona uso. Ulipotoka ukirindima, alikuwa akicheka. Kisha akatoa shahada, nami nikamwitikia."

"Na uji wako?"

"Uji wangu alikunywa vijiko vitatu. Wako umeungua, sufuria bado naisugua."

Tukacheka, tukalia, hatukujua lipi ni lipi.

Zamani maneno yetu yalikuwa mengi hata moja tuliligawa matatu, na tukadhani tumejaliwa masikio. Vijana hawa wana neno moja walitumialo kwa kila kitu, nami nikawaona maskini. Sasa sijui maskini ni nani. Sisi tulijua kutofautisha kaa na kaa. Kunyamaza tusikie ndiko tusikojua, au niseme mimi, maana wengine wenu mwaweza kuwa na adabu.

Jana mjukuu wangu Nasra, wa miaka saba, aliniona nimesimama dirishani tangu alasiri. Akanivutia kiti. Nikainama, nikaweka kiganja mbele ya mdomo wake.

"Bibi," akasema, "kaa."

Upepo ulikuwapo, au haukuwapo. Sikumrudi.

Nikakaa.