Kiti cha Masukulu

Mwaka wangu wa kwanza Tukuyu, watu hawakujua kazi yangu ni ipi, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza. Chumba changu kilikuwa mwisho kabisa wa korido ya hospitali, kando ya stoo ya mashuka, na mlangoni fundi alikuwa ameandika kwa rangi: TIBA KAZI. Wiki ile ile akaja mzee mmoja na bahasha ya vyeti vya mwanawe. Akaviweka mezani, akavua kofia, akasema amesikia kuna ofisi mpya inayotibu ukosefu wa kazi.

Nikamweleza kwamba mimi huwasaidia watoto wenye ulemavu wajifunze mambo ya kila siku: kukaa, kushika, kula, kuvaa, kucheza. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na huko kucheza, umesomea?"

"Ndiyo, baba. Chuoni."

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akakusanya vyeti vyake, akanipa pole, akaondoka.

Wilaya nzima hapakuwa na mwingine wa fani yangu. Wauguzi walikuwa na wenzao, na saa nne walikunywa chai pamoja. Mwanzoni walinialika. Mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, yakahamia Kinyakyusa yalipokolea, watu wakacheka hadi machozi, kisha mmoja akanigeukia na kunitafsiria kichekesho ambacho kilikuwa kimeshapoa. Hawakuwa wabaya. Ila taratibu nikaanza kunywea chai chumbani kwangu, nao hawakuniuliza sababu.

Nimezaliwa Singida, kwa watu wanaokodolea mawingu macho. Tukuyu mvua haikunisubiri nianue nguo. Ukungu uliingia ndani kwa dirisha la chumba nilichopanga, na shuka nililolifua Jumamosi nililitandika Jumatano likiwa bado na unyevu. Mchumba niliyemwacha Dodoma alikuwa akipiga simu kila jioni, baadaye ikawa Jumapili tu, na siku moja nikagundua kwamba Jumapili tatu zimepita bila simu, na mimi mwenyewe sikuwa nimezihesabu.

Mama mmoja alikuja Jumatano ya mvua, akitokea kijiji cha Masukulu. Hakuwa amefikisha miaka thelathini. Mgongoni alibeba mtoto wa kike wa miaka minane, mrefu kiasi kwamba miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya mama. Alikuwa amemfunga kwa mbeleko mbili, moja ya kumbeba na nyingine ya kuzuia kichwa kisianguke nyuma. Nilipomwambia amshushe, alisita, akatazama sakafu yangu ya saruji, halafu akatandaza kitenge chake juu ya mkeka wangu kana kwamba mkeka wenyewe hautoshi.

Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi, vidole gumba vimefungiwa ndani. Hakusema neno, lakini macho yake yalinifuata kila nilikokwenda, na nilipodondosha kijiko kwa bahati mbaya alicheka kwa sauti nzito iliyonishtua. Mama naye akacheka. Nadhani ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika katika chumba kile tangu nikabidhiwe funguo.

"Baba yake yupo?" niliuliza, kwa kuwa fomu ilitaka nijue.

"Yupo Chunya, machimboni."

"Anakuja?"

"Yupo Chunya," alirudia, nami nikaacha nafasi ile ya fomu wazi.

Basi wakawa wanakuja kila baada ya wiki moja, siku hiyo hiyo ya Jumatano. Nilimfundisha mama namna ya kufungua ngumi za mtoto bila kumvuta vidole, kwa kumwegemeza mkono kwanza na kumsubiri. Nilizungushia kijiko vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli ili kinenepe na kishikike. Nikampelekea seremala wa mjini vipimo vya kiti: mgongo ulionyooka, mabawa ya kuzuia kiwiliwili kisilale upande, mkanda wa kiunoni, na kimeza mbele. Seremala akanitengenezea kwa mbao za msindano. Kilipendeza. Kilinukia utomvu, na kabla mtoto hajaja nilikikalisha kona ya chumba nikawa nakitazama kama mtu aliyenunua kabati.

Siku tuliyomkalisha mtoto mara ya kwanza, aliinamisha kichwa, akaiona mikono yake mwenyewe juu ya kimeza. Mtoto wa mgongoni huona kisogo cha mama yake na njia inayopita pembeni, basi. Alikaa akiitazama ile mikono kwa muda mrefu. Kisha wa kulia ukasogea, ukagonga ubao, ukasogea tena. Nilimtazama mama nikitaka kumwona akifurahi kama mimi. Alikuwa amesimama, amekumbatia mbeleko zote mbili kifuani.

Walikwenda na kiti kikiwa kimefungwa nyuma ya bodaboda. Jumatano iliyofuata ya zamu yao hawakuja. Ya pili pia hawakuja. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakuhudhuria, nikawasubiri hadi saa kumi, nikafunga mlango. Ilipopita ya tatu, nikaomba ruhusa, nikachukua bodaboda kwenda Masukulu.

Nyumba ilikuwa nyuma ya migomba, na jiko lilijengwa pembeni. Niliitikiwa hodi kutoka jikoni. Mama alikuwa ameinama juu ya mafiga, mtoto yuko mgongoni, miguu inaning'inia. Kile kiti kilikuwa ukutani. Juu yake palikuwa na ndoo ya maji na sufuria mbili zimefunikwa.

Nasimulia haya kwa aibu. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia kiti kile si meza ya vyombo. Nilimwambia mtoto atapinda uti wa mgongo, nyonga zitateguka, na itakapofika hapo asije kunililia. Nilimwambia nimetoka Tukuyu kwa ajili yake na mvua imeninyea njia nzima. Yote niliyoyasema ya kitabibu yalikuwa kweli.

Nilipomaliza, akanisogezea kigoda.

"Kaa, daktari. Umelowa."

Nikakaa. Akachochea moto.

"Una mtoto?" akauliza.

"Sina."

"Mume?"

"Sina."

"Mimi nikimweka huyu pale," akasema, akionyesha kiti kwa kidevu, "mgongo wangu unapata baridi."

Nikadhani anatafuta kisingizio. Akaendelea taratibu, bila kunitazama. Alisema tangu mtoto alipozaliwa hivyo, mashoga zake waliacha kumpitia. Wengine waliogopa mimba zao zisije zikadhurika. Mkwewe alisema ukoo wao haujawahi kupata kitu kama kile. Kanisani alikaa karibu na mlango ili mtoto akipiga kelele atoke haraka, mwishowe akawa haendi. Akilima, akichota maji, akipika, alikuwa na pumzi ya mtu mmoja tu shingoni mwake.

"Namsikia anavyopumua, najua amelala au yuko macho. Nikimweka kwenye kiti chako, naye ananiangalia tu kutoka kule kama mgeni. Mimi nitaongea na nani?"

Chuoni nilifundishwa kupima pembe ya goti na nguvu ya kiganja. Nilikunywa chai aliyonipa, yenye tangawizi nyingi, nikaaga. Njiani, nikiwa nimejikunja nyuma ya dereva wa bodaboda, nilijiuliza kwa nini nilikasirika vile. Wapo watoto wengine waliokuwa wamekatiza kliniki, wa Kisiba, wa Mpuguso, na sikuwafuata hata mmoja kwa hasira. Ukweli ni kwamba Jumatano yao ndiyo siku pekee ambayo mtu aliingia chumbani kwangu akaniuliza nimelalaje na akasubiri jibu.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Safari hii nilianza na salamu, nikaketi, nikamsaidia kumenya maharage mabichi. Sikugusa habari za kiti mpaka yeye mwenyewe alipokitazama.

"Tukikisogeza hapa?" nikasema. "Karibu na kigoda chako. Magoti yenu yagusane."

Alifikiri. Akaondoa ndoo, akaondoa sufuria, akapangusa kiti kwa kanga. Tukakiweka mkabala na kigoda chake, karibu hata mguu wa mtoto ukamkanyaga mama pajani. Nikaweka maganda machache ya maharage, yasiyomenywa bado, kwenye kimeza. Mama akawa anamenya, mtoto anatazama. Baada ya kitambo, ile ngumi ya kulia ikafunguka juu ya ganda moja. Hakuweza kulimenya. Alilisukuma mpaka likaanguka kwenye mapaja ya mama yake, akacheka kwa ile sauti yake nzito.

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, kwa sauti ya mtu aliyepokea kitu cha thamani. Mtoto akasukuma jingine.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda, ingawa polepole. Walirudi kliniki. Alijifunza kujilisha ndizi iliyopondwa, nusu mdomoni na nusu kifuani. Alijifunza kusema maneno manne, na mojawapo lilikuwa "hapana," ambalo alilitumia kuliko yote. Alipofika miaka kumi akapata nafasi katika shule yenye bweni la watoto wenye mahitaji maalumu, mbali kidogo na wilaya yetu. Barua ya mapendekezo niliiandika mimi. Niliiandika kwa fahari, mara mbili, ya kwanza nikaichana kwa sababu haikusifu vya kutosha.

Alipokuja likizo ya kwanza, mama yake alikwenda kumpokea kituoni na mbeleko zake. Alinisimulia baadaye. Mtoto aliziona, akatikisa kichwa, akasema hapana. Alitaka kiti cha magurudumu alichopewa shuleni, asukumwe, watu wamwone. Mama akamsukuma kupitia barabara ya matope, magurudumu yakizama, mpaka nyumbani.

"Nilifurahi," aliniambia.

Nikamwangalia.

"Nilifurahi, dada," akasema tena. Siku zote aliniita daktari. Siku ile ndipo alipoanza kuniita dada.

Mtoto hakuhitaji tena kliniki yangu. Shuleni alikuwa na wataalamu wake. Jumatano zikarudi kuwa siku za kujaza ripoti, na korido ikawa vilevile: mlango wa stoo unafunguliwa, unafungwa. Katika fani hii mtoto akifanikiwa humwoni tena, na asipofanikiwa mara nyingi humwoni pia. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Watu hudhani kinachochosha ni kuona ulemavu.

Mwaka jana, mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, nilipata siku ya mapumziko nikaenda Masukulu bila sababu ya kikazi. Mama alikuwa anatoka kuchuma chai kwenye shamba la jirani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinikaribisha ndani, si jikoni, akatandika kitambaa mezani, akapika wali na maharage. Tukala. Tukazungumza kuhusu mtoto, kwamba sasa anajua kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, kwamba amegombania na mwenzake kitanda cha karibu na dirisha. Habari hizo zikaisha. Tukatazamana tukatabasamu. Nilimuuliza kama chai inalipa mwaka huu, akasema hivyo hivyo tu. Aliniuliza kama Singida kuna baridi, nikasema ya usiku tu, tena miezi michache. Baadaye kila mmoja akawa anatazama nje mlangoni, ambako mvua ilianza.

Niligundua kwamba hatukuwahi kuongea sisi wawili bila mtoto kuwa katikati. Nadhani naye aligundua, kwa sababu aliinuka ghafla akasema nisubiri. Akaingia migombani na panga, mvua ikimnyea, akarudi na mkungu mzima wa ndizi.

"Huu ni mwingi, mama. Niko peke yangu."

"Chukua. Utagawa."

Tukaufunga nyuma ya bodaboda. Alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi nyumbani bila kugeuka.

Ndizi ziliiva zote kwa pamoja, kama zinavyofanya. Nilikula nilizoweza. Siku ya tano nikabeba zilizobaki kwenye beseni hadi hospitali, nikasimama mlangoni mwa chumba cha wauguzi saa nne kamili wakati wanakunywa chai. Mazungumzo yakakatika. Mmoja akavuta benchi, akanisogezea kikombe.

"Hizi za wapi?"

"Masukulu," nikasema. "Kwa mtu ninayemfahamu."

Wakaanza kumenya. Baada ya muda wakarudi kwenye Kinyakyusa chao, nami nikakaa hapo nikisikiliza hadi chai ilipoisha.