Kipime Ukiwa Huna Pumzi

Mdogo ni mpiga mbizi; dada yake ni fundi wa vipumulio, vile vya mdomoni vya kupumulia chini ya maji. Hakurudishii chako mpaka achovye uso kwenye beseni akipumulie mwenyewe, kisha aibuke akichuruzika maji na kukupa habari zake. Vya zamani, vya kampuni mbalimbali, vimetundikwa ukutani, kila kimoja na msumari wake, na tabia zao anazijua. "Hiki ni mama mkwe, hewa anakupa, lakini mpaka umbembeleze. Kile ni shangazi, anakupakulia hata kama umeshiba." Vidole vyake vinene huzungusha skrubu taratibu, kama anayemfinya mtoto sikio bila kutaka alie.

Asubuhi moja mdogo wake alipokuja kuchagua cha kushukia chini ya meli, alipenda cheusi kinachong'aa. Dada hakubisha, akakiunga kwenye mtungi wa hewa. "Toa pumzi yote. Bado. Toa na hiyo unayoificha. Haya, vuta." Hewa ikaja kwa kusuasua, macho yakamtoka pima. "Ukiwa umetulia, vyote vizuri," dada akasema. "Kipime ukiwa huna pumzi." Akamtungulia kikuukuu cha shaba kilichochubuka, akamtaka atoe tena pumzi yote. Safari hii hewa ilimfikia kabla hajaitafuta.

"Na hiki ni nani?" akauliza.

Dada alikuwa keshampa mgongo, anaufuta vumbi ule msumari mtupu. "Mimi huyo," akasema. "Ukirudishe wewe mwenyewe."