Programu Inayopiga Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Makambako nimevaa sweta mbili, na bado upepo wa pale ulinikuta. Ofisi ya mradi wa ng'ombe wa maziwa ilikuwa nyuma ya maduka ya vipuri: chumba kimoja, meza tatu, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Mkuu wa Kitengo, Mzee Luvanda, Mkinga wa Makete asiyependa maneno mengi, hakunionyesha kompyuta. Alinipa daftari.

"Humu mna hatua hamsini na mbili," alisema. "Utaziandika kwenye mashine kama zilivyo. Ukiruka moja, unarudi mwanzo. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa, mzee."

Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Ninyi vijana mnaobonyeza mara moja na programu ikajisakinisha yenyewe, nivumilieni nieleze. Programu yetu ilishughulikia habari za wafugaji na mifugo, lakini yenyewe haikubeba kitu. Habari zilikaa kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, na ghala hilo tulilijenga kwa mkono. Kwanza unaliumba na kulipa jina. Kisha unamtengeneza mtumiaji na nenosiri lake. Halafu unajenga majedwali: la wafugaji, la ng'ombe, la zamu. Mwisho unaingiza majina ya kata na vijiji, kimoja kimoja. Kituo kimoja kilikula siku mbili nzima, na hapo ni kama umeme haujakatika.

Nilitumwa kote. Manda, kule Ziwa Nyasa ambako wafugaji wetu walikuwa wachache kuliko mitumbwi, jenereta ilizimika nikiwa hatua ya arobaini na tisa. Nilianza upya huku jasho likidondokea daftari la Mzee Luvanda. Wanging'ombe nilikaa siku tatu kwa sababu ya ile alama ndogo ya juu iliyo kwenye jina lenyewe: mashine iliiona ikadhani nimemaliza kusema, ikagoma. Mradi wa ng'ombe, na mashine haitaki kuandika ng'ombe! Nilicheka, ila baada ya kulia.

Wazo lilianzia hapo. Kwa nini hatua zote zisiandikwe mara moja kwenye faili moja, kompyuta ikazisoma yenyewe? Faili la namna hiyo tuliliita skripti. Nilihangaika nalo miezi. Kila nilipojaribu na kukwama, yalibaki majedwali nusunusu yakinizuia kuanza tena, kwa hiyo nikaweka mstari juu kabisa: kama kuna hifadhidata ya zamani, ifute. Ulinirahisishia kazi sana, na nikausahau humo humo.

Skripti ilipokuwa tayari, kazi ya siku mbili ikawa ya dakika nne. Mzee Luvanda alikaa akaitazama mpaka kioo kikaandika "Imekamilika", akavua miwani.

"Kwa hiyo daftari langu limestaafu kabla yangu," alisema.

Nikaota mapembe. Nilizunguka vituoni nikiwaambia makarani waache kuandika kwenye makaratasi, mashine inatosha. Mungu anisamehe.

Baadaye nilihamishiwa Njombe, na kituo changu cha kwanza kikawa Yakobi. Lazima mjue mradi ulivyokwenda. Ukipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, humlipi kwa fedha. Ndama jike wake wa kwanza unamlea, kisha unamkabidhi anayefuata kwenye zamu, mnashikishana kamba mbele ya watu. Jumamosi ya wiki ile ilikuwa zamu ya Mama Mgaya, mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa amesubiri miaka sita. Banda alilijenga kwa mikono yake, hori akalichonga mwenyewe, na majani ya malisho yalikuwa yamemfika kiunoni.

Alhamisi nilikwenda kusakinisha toleo jipya la programu. Skripti ikakimbia, "Imekamilika" ikatokea, nikamwita karani afungue. Akafungua. Wafugaji, sifuri. Ng'ombe, sifuri. Zamu, sifuri.

Ule mstari wa juu, niliouandika kwa ajili ya mashine tupu, ulikuta ghala limejaa na ukafagia kila kitu. Nakala rudufu, ile nakala ya akiba inayowekwa pembeni, ilikuwa ya zamani, ya kabla zamu haijaingizwa kwenye mashine. Makaratasi nilikuwa nimeyakataza mimi, na ya zamani yalishatupwa.

Bila orodha, mtamba wa Jumamosi angekwenda kwa mwenye sauti kubwa. Na Mama Mgaya hakuwa na sauti kubwa.

Nilimpigia simu Mzee Luvanda nikitegemea matusi. Badala yake akaniuliza:

"Nyumba ya mtu unaingiaje, Rehema?"

"Kwa hodi, mzee."

"Na wewe uliingiaje?"

"Kwa kufagia, mzee."

"Haya. Waite watu uwaambie ukweli. Useme wewe, usimtume karani."

Ijumaa asubuhi walijaa kwenye ua wa kituo. Niliwaambia kwamba nimefuta majina yao kwa mkono wangu. Minong'ono ikapanda. Mama Mgaya akasimama, akasalimu "Kamwene" kama kawaida, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mimi simo?"

Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Nilishindwa hata kumtazama.

Ndipo aliponyanyuka Mzee Msigwa, mfugaji mwenye kofia ya sufu, akiegemea fimbo.

"Binti, sisi hapa mtu akifika bombani au kwenye mashine ya kusaga haulizi namba. Anauliza, wa mwisho nani? Akionyeshwa, anaishika sura ya huyo aliye mbele yake. Hata zamu ya mtamba tulipangwa hivyohivyo. Mimi aliye mbele yangu ni mama huyu."

"Na aliye mbele ya mama?" nikauliza.

"Hakuna. Wa kwanza ni yeye. Mimi wa pili."

Angenyamaza, kamba ingeweza kuwa yake. Hilo kila mtu pale alilijua. Kisha wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, kila mtu akimwonyesha aliye mbele yake, mimi nikiandika kwa kalamu huku machozi yakiharibu karatasi. Kufika saa sita zamu yote ilikuwa imerudi. Ng'ombe nao tuliwarudisha vivyo hivyo, maana hakuna asiyemkumbuka aliyemshikisha kamba.

Jumamosi Mama Mgaya akapokea mtamba wake. Akampa jina palepale: Imekamilika. Watu walicheka mpaka nami nikacheka.

Ule mstari niliutoa juma lililofuata. Badala yake, programu kabla ya kugusa chochote inaandika "Hodi", inatazama kama ghala lina kitu. Likiwa tupu, inajenga. Likiwa na kitu, inaweka nakala rudufu kwanza, halafu inasubiri mtu aikaribishe. Makarani niliwarudishia madaftari yao, nikawaomba radhi.

Mzee Luvanda tulishamzika kwao Makete. Daftari lake ninalo, na madoa ya jasho la Manda bado yanaonekana. Siku nyingine nalifungua bila sababu, nasoma hatua ya kwanza mpaka ya hamsini na mbili, na ninamkumbuka sana.

Nimestaafu sasa. Mwezi uliopita nilipita ofisini Njombe, nikamkuta fundi mpya, dada mchangamfu, anasakinisha.

"Shikamoo, mama. Wewe ulikuwa hapa zamani. Hii hodi ni ya nini? Inanichelewesha bure, nataka niitoe."

Nikavuta kiti, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipomaliza alikuwa ameondoa mikono kwenye kibodi.

"Basi ikae," akasema.

Nilikuwa nimekwenda kwa shida yangu, kuomba mtamba wa uzeeni. Karani akaniandikisha, akaniambia nisiwe na wasiwasi, namba yangu imo kwenye mashine na kwenye daftari.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Wa mwisho nani?"

Akanionyesha mama mmoja aliyekaa kwenye benchi la nje, mwenye kitenge cha kijani. Nikatoka, nikaketi karibu naye, nikamsalimu, nikamtazama usoni vizuri.